Meno ya Utoto Katika Nchi ya Shaba

Mwezi Novemba mwaka 1867 David Livingstone aliingia katika mji wa Mwata Kazembe, upande wa mashariki wa mto Luapula. Ng'ambo ya mto huo ndiyo nchi tunayoiita leo Haut-Katanga, na njia za kuelekea huko zilikuwa zimezoeleka kwa wafanyabiashara wa shaba, chumvi na pembe. Livingstone alikuwa mtu wa kuandika kila alichokiona na kukisikia: samaki wa ziwa Mofwe, watu waliokatwa masikio kwa amri ya mfalme, Mwarabu aliyezuiwa mjini humo miaka na miaka. Katikati ya hayo akaandika habari ya meno.

Mtoto akitangulia kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini, aliandika, huuawa, kwa sababu atauletea ukoo nuksi na mashtaka. Akasema imani hiyo imeenea mbali sana. Akakumbuka kwamba miaka michache nyuma, kwa Wakololo, mke mmoja wa chifu Sekeletu alikataa katakata mtoto wa mtumishi wake auawe kwa kosa hilo, na kwamba ni wachache wangethubutu kushindana na watu wote kama alivyofanya mama yule. Daftari zake zilichapishwa London mwaka 1874, yeye akiwa tayari ndani ya kaburi, na habari hii imo humo, mistari michache tu katikati ya mambo mengine.

Jambo moja katika mistari hiyo halinitoki. Kwa Kazembe, mtoto mwenye dosari ya namna hiyo aliitwa mtoto wa Waarabu. Waarabu, watu walisema, hawana miiko ya aina hii. Kwa hiyo akiwepo Mwarabu karibu, mtoto alipewa yeye. Maana yake ni kwamba baadhi ya watoto walioondoka Luapula na misafara kuelekea mashariki hawakutekwa vitani wala hawakuuzwa kwa sababu ya njaa. Waliondoka kwa sababu ya jino.

Na huko walikokwenda? Richard Burton alipita Uzaramo mwaka 1857, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliandika kwamba Wazaramo nao walimwogopa mtoto wa namna hiyo: walimwua, au walimtoa, au walimwuza kwa mfanyabiashara wa watumwa. Waswahili wa pwani, alisema, walikuwa na hofu ile ile. Waarabu wa Unguja hawakuua, lakini hawakukaa kimya pia: walisoma hitima, kisha wakamwapisha mtoto kwamba hatawadhuru wa nyumbani mwake, na kama hajaweza kusema, aliitikia kwa kichwa. Mzee yeyote wa pwani anamjua mtoto huyo kwa jina la kigego. Basi yule aliyetolewa Luapula ili aokoke alikuwa akipelekwa kwenye nchi iliyomwogopa vile vile. Kilichomwokoa ni urefu wa safari. Kufikia miaka miwili na nusu hivi mtoto huwa ameota meno yake yote 20, na hakuna mganga wala shekhe anayeweza kuyatazama akajua ni lipi lililotangulia.

Katika nchi ya Katanga yenyewe hofu hii ilikuwa na majina kadhaa. Waluba na Wakaonde walimwita mtoto huyo lutala. Walamba, ambao ardhi yao ndiyo iliyojengwa Lubumbashi, walisema chinkula, na Wabemba vivyo hivyo. Frank Melland, ofisa wa Kiingereza aliyeandika juu ya Wakaonde mwaka 1923, na Clement Doke, mmisionari aliyekaa na Walamba na kuchapisha kitabu chake mwaka 1931, wote wawili waliikuta upande wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mpaka uliochorwa na Wazungu haukutenganisha fizi za watoto.

Wataalamu wa leo watakwambia kwamba kwa kawaida meno mawili ya chini ya mbele hutangulia, mtoto akiwa na miezi sita hivi, na kwamba wapo wachache wanaoanza na ya juu bila ubaya wowote. Wazee wa zamani walijua sehemu ya kwanza ya habari hiyo vizuri kabisa. Walikuwa wameangalia watoto wengi mno wasijue. Ni ile sehemu ya pili waliyoipa maana nyingine: kila kitu kina zamu yake, na anayeruka zamu mdomoni ataruka zamu katika mambo mazito zaidi, atazika waliopaswa kumzika. Ndivyo ninavyoielewa hofu yao. Lakini tusisahau nani alikuwa wa kwanza kujua. Kidole cha mama au cha bibi ndicho kilichogusa ufizi kabla ya mtu mwingine yeyote, na nadhani vidole vingi viligusa vikanyamaza.

Kung'oka kwa jino ni habari nyingine kabisa.

Chukua mtoto wa miaka sita wa Katuba, au wa Kenya, ile komini ya Lubumbashi. Jino la chini la mbele limelegea tangu juzi. Ulimi hautulii; unalisukuma mbele, unalirudisha nyuma, unalilaza upande. Anakula bukari kwa shavu moja. Wakubwa wake wanamtania, na bibi anatafuta uzi. Uzi unafungwa, mtoto anaambiwa atazame pale juu kuna nini, na anapotazama mambo yamekwisha. Anatema damu kidogo, analia kidogo, kisha anataka kuliona. Ni dogo kuliko punje ya mhindi. Kinachomshangaza ni kwamba halina mzizi: mwili wenyewe umeula mzizi polepole miezi mingi, jino jipya likisukuma kutoka chini, mpaka kimebaki kikofia cheupe chenye shimo jekundu ndani.

Halafu anatoka nje, analirusha juu ya paa, na anaomba apewe jipya badala ya lile la zamani.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa watoto wa mitaa hii, kama ilivyo kwa wenzao wa Zambia ng'ambo ya mpaka, na kwa watoto wa sehemu kubwa ya Afrika na Asia. James Frazer, Mskoti aliyekusanya mila za dunia nzima akiwa ameketi Cambridge, alizieleza desturi hizi katika kitabu chake The Golden Bough. Alitaja kisiwa cha Rarotonga katika bahari ya Pasifiki, ambako mtoto aliomba jino jipya kwa panya na kulirusha la zamani juu ya nyumba, kwa kuwa panya hukaa katika makuti ya paa. Na kwa nini panya? Kwa sababu meno yake ni ya kuonewa wivu. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, asipotafuna yatamzidi. Misri, ambako mapaa ni tambarare na jua ni kali, jino hurushwa kuelekea jua, na mtoto huliomba lichukue jino la punda limpe la paa wa porini. Anayeombwa hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Ombi ni lile lile.

Ukiziweka pamoja desturi hizi mbili, ya jino linaloota na ya jino linalong'oka, utaona zimetoka katika wazo moja: kwamba jino haliji lenyewe, linaletwa, na aliyelileta anaweza kuwa na jambo la kusema. Tofauti ni kwamba ile ya kwanza ilihitaji ukoo mzima, mganga, na wazee wenye uwezo wa kuhukumu uhai. Ya pili ilihitaji paa tu. Mji ulipokuja, ni rahisi kukisia ipi ingepona.

Mji ulikuja na reli. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, treni kutoka Rhodesia ikafika mwaka 1910, na Wabelgiji wakauita mji mpya, ndio Lubumbashi ya leo, Élisabethville kwa jina la malkia wao. Mwanzoni haukuwa mji wa watoto. Kampuni ilitaka wanaume, iliwachukua kwa mikataba mifupi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na waliugua na kufa kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hesabu zikabadilika. Ilionekana kwamba mfanyakazi anayeletwa na kurudishwa kila baada ya miezi michache ni ghali kuliko anayekaa. Mikataba ikawa ya miaka mitatu, na mke akaruhusiwa, kisha akahimizwa. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wakuu wa mpango huo, baadaye aliuandikia kitabu kizima kuusifu. Watoto wakaanza kuzaliwa kambini, na kampuni ikawaangalia kama mtu anavyoangalia mali yake ya kesho. Akina mama waliitwa kuwaleta wapimwe uzito. Masista na wauguzi waliwatazama mdomo, tumbo na ngozi. Kila mmoja alikuwa na kadi yake.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo lutala alipopoteza mahakama yake. Sitaki kusema kwamba ukoloni uliwahurumia watoto. Huruma hiyo ilikuwa na bei, na baba zao waliilipa mgodini. Lakini mtoto aliyeandikwa kwenye kadi hawezi kutoweka bila mtu kuuliza. Jirani wa kulia alikuwa Mluba wa Kasai, wa kushoto Mbemba, wa nyuma Mnyarwanda, na kila mmoja alikuja na miiko yake. Wazee waliokuwa na neno la mwisho walibaki kijijini, mwendo wa siku nyingi. Mama aliyeona weupe kwenye ufizi wa juu aliweza kufunga mdomo, na safari hii ukuta wa kambi ulikuwa upande wake.

Hofu yenyewe haikufa siku moja, wala haijafa kila mahali. Kuanzia miaka ya 1980 Tanzania ilishuhudia habari za "meno ya plastiki", wengine wakisema ya nailoni: mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, fizi zake zilipasuliwa ili kung'oa vichipukizi vya meno vilivyodaiwa kuwa ndivyo vinavyomwua. Uganda jambo hilo liliitwa ebinyo. Waliotendewa hivyo walikuwa na malaria au kuhara kwa kawaida, na wengine walikufa kwa jeraha. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba kuusoma mdomo wa mtoto ni ujinga wa watu wa 1867.

Na Wazungu nao waliusoma, kwa namna yao. Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1833 ilikataza watoto wadogo kufanya kazi katika viwanda vya nguo, lakini wazazi wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na wenye viwanda hawakuwa na haraka ya kuuliza. Mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders aliliandikia Bunge kijitabu akionyesha kwamba meno yanataja umri wa mtoto vizuri kuliko urefu wake. Kongo na Afrika Mashariki zilikuwa na kipimo rahisi zaidi. Mtoto aliyepelekwa masomo kwa mara ya kwanza aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, anaandikwa, asipolifikia, arudi mwakani. Mkono huo hufika sikioni karibu na wakati ule ule meno ya mbele yanapoanza kutoka, na ndiyo maana wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mahali popote, ni kundi la mapengo.

Kule Katanga, kambi za kampuni zilibadilisha paa pia. Vibanda vya nyasi vilipisha nyumba za matofali, na juu yake bati. Panya hakai kwenye bati la Katanga saa saba mchana. Jino lilirushwa vile vile. Sasa lilipiga kelele, likabingirika, na mara nyingi likarudi chini kwenye mchanga, likarushwa tena.

Katika mtaa wa Wazungu, mwendo mfupi kutoka hapo, mtoto wa Kibelgiji aliweka jino lake chini ya mto. Usiku panya mdogo alikuja kulichukua na kuacha sarafu. Panya huyo ana ukoo wake vitabuni. Mwishoni mwa karne ya 17 Madame d'Aulnoy aliandika kisa cha panya mdogo mwema, ambaye kumbe ni jini wa kike, na anamwadhibu mfalme mwovu kwa kumwangusha meno. Mwaka 1894 padri Mhispania Luis Coloma alimtungia mfalme mtoto Alfonso wa 13 hadithi ya panya Pérez, mfalme huyo akiwa na miaka minane na jino limemtoka. Marekani hawakumtaka panya. Wana jini lao la meno, lililokwisha kutajwa gazetini mwaka 1908.

Waliotandika vitanda vya watoto hao wa Kibelgiji walikuwa "maboi", wanaume wa Kikongo waliovijua vyumba vya mabwana zao kuliko mabwana wenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huo historia ya Élisabethville kama watumishi wa nyumbani walivyoiona, na kitabu hicho kidogo ni ushahidi kwamba hawakupitwa na kitu. Bila shaka waliikuta sarafu chini ya mto, wakairudisha, wakaenda nyumbani kusimulia. Baada ya uhuru panya wa mto akahamia katika baadhi ya familia za Kikongo zenye nafasi, hasa zile ambazo watoto husomeshwa kwa Kifaransa kitupu. Wengine hufanya yote mawili: bibi anapewa jino la kwanza alipeleke kwenye paa, baba anagharimia la pili. Panya wa paa hakuwahi kumlipa mtu.

Lakini safari ndefu kuliko zote ya habari hii haikwenda Ubelgiji. Ilikwenda Missouri.

Mwaka 1915 mawe ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, karibu na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Union Minière iliyachimba kwanza kwa ajili ya radiamu. Vita vya pili vilipoanza, mkurugenzi wake Edgar Sengier alisafirisha shehena ya zaidi ya tani 1,000 hadi New York, ikakaa ghalani Staten Island mpaka mwaka 1942, wajenzi wa bomu la atomiki walipokuja kuinunua. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kuliko ya mahali pengine popote yaliyojulikana wakati ule. Kiwanda kimojawapo kilichopewa kazi ya kusafisha urani ya Kongo ni Mallinckrodt, katikati ya jiji la St. Louis, Missouri.

Vita vikaisha, majaribio ya mabomu yakaendelea hewani, ya Wamarekani na ya Warusi. Vumbi lake lilibeba strontiamu-90, ambayo mwili huidhania kuwa chokaa ya kujengea mifupa. Ilianguka kwenye majani, ng'ombe akala, mtoto akanywa maziwa. Mwaka 1958 madaktari, wanasayansi na akina mama wa St. Louis, jiji lile lile, walianza kuomba meno ya utoto yaliyong'oka. Barry Commoner wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa miongoni mwa waanzilishi, na daktari Louise Reiss alisimamia kazi yenyewe. Kila mtoto aliyetoa jino alipewa kifungo cha kubandika kifuani, chenye maandishi ya kutangaza kwamba amelitoa kwa sayansi. Kabla ya kazi kufungwa mwaka 1970 walikuwa wamepokea zaidi ya meno 300,000. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1961: strontiamu ilikuwa ikipanda mwaka baada ya mwaka. Waliozaliwa 1963 walikuja kuonekana kuwa nayo mara 50 hivi kuliko waliozaliwa 1950. Agosti 1963 Marekani, Urusi ya Kisovyeti na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuacha majaribio hewani, na meno yale yalikuwa sehemu ya shinikizo.

Sisemi kwamba chembe zilizokuwa katika meno ya St. Louis zilitoka Katanga. Vumbi la bomu halina uraia. Nasema kwamba mji uliosafisha mawe ya Shinkolobwe ndio uliowafundisha walimwengu kuwa jino la mtoto ni daftari. Kinachoingia mwilini wakati jino linajengwa, tangu tumboni mwa mama, hubaki humo hata jino likishang'oka. Mwaka 1979 Herbert Needleman alichapisha utafiti wake juu ya watoto wa miji iliyo jirani na Boston: alipima risasi katika meno yao yaliyong'oka, na wale wenye risasi nyingi walikuwa nyuma darasani. Utafiti huo ulisaidia kuiondoa risasi katika petroli.

Lubumbashi nayo ina bomba lake refu la kiwanda na mlima wake mweusi wa taka za shaba, unaoonekana kutoka karibu kila mtaa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, miongoni mwa viwango vya juu kabisa kuwahi kuandikwa kwa watu wasiofanya kazi hiyo, na watoto walikuwa katika hali mbaya kuliko wakubwa. Mkojo unaeleza habari za siku chache. Jino linaeleza za miaka ya mwanzo ya maisha, na mtoto mmoja anayo 20 ya kutoa, bure, bila sindano.

Mila haipotezi kitu hapa. Mtoto wa Katuba, wa Ruashi au wa Likasi arushe jino lake la kwanza juu ya bati kama alivyofanya bibi yake. Yanayofuata mzazi ayatie katika bahasha, aandike mtoto alizaliwa mwaka gani na alikulia mtaa gani. Watafiti wakiyaomba, wapewe. Wasipoyaomba, waulizwe kwa nini.